Mbao Ishirini na Nne za Libuyu

Uani kwangu, hapa Majengo, Mungu hakuweka udongo. Aliweka mwamba mweusi uliotapikwa na volkano kabla sijazaliwa. Juu yake nilijenga nyumba, nikalea watoto, nikafundisha watoto wa wengine kusoma kwa miaka thelathini na minane. Anayetaka kupanda hata kitunguu kimoja katika mtaa wetu hana budi kuutengeneza kwanza udongo wenyewe. Hiyo ndiyo kazi niliyoishika tangu nilipostaafu, na katika kazi hiyo nimesalitiwa na mtu niliyeketi naye dawati moja.

Wapita njia huyaita majalala ya mwalimu. Mimi huyaita masanduku ya mboji. Ni matatu, na kila moja lina nafasi ya kulaza ng'ombe wawili. Kuta tatu za kila sanduku ni za mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji, ili hewa ipite. Upande wa mbele hufungwa kwa mbao nane zinazoteremshwa moja juu ya nyingine katika mifuo ya nguzo mbili; lundo likipanda huongezwa ubao, na siku ya kuligeuza mbao huondolewa. Sanduku la kwanza hupokea maganda ya ndizi, majani ya kabichi kutoka sokoni, makapi ya maharagwe na samadi ya sungura, na kati ya kila tabaka huwekwa nyasi kavu. Baada ya wiki sita huhamishia lundo katika sanduku la pili kwa uma wa meno manne, lililokuwa chini likawa juu. Sanduku la tatu ni la kupumzika. Kila asubuhi huchomeka fimbo ya chuma katikati ya lundo changa. Ikitoka na joto lisilovumilika kiganjani, kazi inaendelea. Ikitoka baridi, kuna jambo nimelikosea.

Haya yote nilifundishwa mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na moja na Frère Anselme, bruda Mbelgiji aliyekuwa na shamba la shule katika misioni yetu karibu na Butembo. Josias alikuwa ameketi kushoto kwangu. Yeye alikuja kuwa seremala, nami mwalimu, na sote wawili tukahamia Goma mwaka mmoja. Alisimama nami siku ya ndoa yangu. Nilimsimamia ubatizo mtoto wake wa kwanza. Kila alipokuja kwangu alipitia kwanza uani, akachota mboji kwa kiganja, akainusa na kusema, “Kakule, hii ni chokoleti.”

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mbao za masanduku yangu zilikuwa zimeoza. Prodige, mtoto wa marehemu kaka yangu, anayefanya biashara ya mbao kule Butembo, aliniletea mbao ishirini na nne za libuyu, ule mti mwekundu mzito usioogopa mvua. Ilikuwa zawadi. Nilichoma kwa msumari wa moto namba ya Kirumi na msalaba mdogo karibu na ncha ya kila ubao, kwa maana kila ubao ulikuwa na mfuo wake. Kisha Josias akazipakia kwenye chukudu mbili, wale farasi wetu wa mbao wenye magurudumu, akazipeleka karakanani mwake kuzipiga randa.

Baada ya wiki tatu alizirudisha zikiwa nyeupe.

“Chokaa ya nini?” nilimuuliza.

“Ya kufukuza mchwa, ndugu yangu. Tena imependeza. Takataka zako sasa zitalala kama maaskofu.”

“Na alama zangu?”

“Randa imezila. Nimechoma zingine, tazama: moja, mbili, tatu. Mwalimu, hunisahihishi?”

Nilicheka. Nilipozibeba nilizihisi nyepesi kuliko nilivyokumbuka, nikadhani randa imekula sana.

Krismasi ile parokia yetu ilipata mabenchi sita mapya, mekundu, yaliyong'arishwa kwa nta, zawadi ya Josias kwa wazee wanaokaa mbele. Padri alitaja jina lake mara mbili. Nilimpa mkono mbele ya watu wote, na sijui kama niliwahi kujivunia mtu kiasi kile.

Mwezi wa kwanza vita viliingia mjini, na mwezi wa pili kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya zikabomolewa. Miongoni mwa waliotoka huko alikuwa Mama Annonciata, mjane kutoka vilima vya Masisi. Jirani yangu alimpa chumba nyuma ya ukuta wangu, naye akawa anamfulia nguo. Siku moja alisimama langoni bila kuingia.

“Muzee, batu banasema wewe unatengenezaka udongo.”

“Karibu, mama. Wanasema kweli.”

Alifungua fundo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na maharagwe yenye mabaka meusi na meupe kama manyoya ya kanga. Nilikuwa sijapata kuyaona.

“Nyumba iliungua,” alisema. “Shamba balikamata. Iyi njo ilibaki ya mama yangu, naye aliipata kwa mama yake. Haiko tena fasi yote, hata ku soko. Nilihesabia: makumi sita na tatu. Nimeifunga hapa miaka mbili, nalala juu yake.”

Hakuniomba unga, wala nguo. Aliniomba udongo. Nilimwambia kwamba lundo nililolianza mwezi wa kumi na mbili litakuwa limeiva kabla ya mvua za mwezi wa tisa, na kwamba udongo wa kwanza wa masanduku mapya utakuwa wake. Nilimpa neno langu. Mtu wa umri wangu hana vingi vya kutoa zaidi ya hicho.

Lakini kuna mambo niliyoyaona mapema, na ni lazima niyaandike. Kila mvua iliponyesha, maji yaliyochuruzika chini ya mbao yalikuwa na rangi za upinde wa mvua. Nikajiambia ni chuma kilichomo katika mawe. Nyungunyungu walijaa upande wa nyuma wa masanduku, ila upande wa mbele hapakuonekana hata mmoja. Nikajiambia ni chokaa. Mke wangu, Henriette, hakujiambia kitu. Aliniambia mimi.

“Sanduku lako linanuka garage.”

“Linanuka joto.”

“Kakule, mimi nilikulia nyuma ya garage ya baba yangu. Gari nikilinusa nalijua.”

“Mbao hizo Josias amezipiga randa kwa mkono wake mwenyewe.”

“Basi Josias ananuka garage.”

Nilimkemea. Nilimwambia kwamba si heshima kumsema hivyo mtu aliyesimama nasi kanisani. Aliinua mabega akarudi kwenye vitunguu vyake, ambavyo hadi leo huvipanda katika sufuria kuukuu lenye mboji ya miaka ya nyuma, kwa sababu hapendi mabadiliko.

Frère Anselme alitufundisha kwamba mboji mpya haitolewi kabla ya kujaribiwa: mbegu kumi katika kopo, siku kumi za kungoja. Miaka yote nimefanya hivyo. Mwaka huu mvua ilikuja mapema, Mama Annonciata alikuwa akichungulia juu ya ukuta kila asubuhi, nami sikuona sababu ya kungoja. Tulibeba mifuko kumi na minne ya mboji, tukaitandaza juu ya mwamba nyuma ya chumba chake, nikachora mistari kwa kamba.

“Muzee, niache kidogo ndani ya kitambaa?” aliuliza. “Kama kumi hivi?”

“Panda zote. Mbegu iliyofungwa miaka miwili inakufa ikiongezewa wa tatu. Udongo huu hautakudanganya.”

Aliangalia chini. “Sawa, muzee.”

Siku ya kumi na saba alikuja kwangu na beseni. Ndani alikuwa amepanga miche michache kama mtu anavyopanga samaki. Majani yalikuwa yamejikunja, ya njano, na mizizi ilikuwa mifupi na myeusi kama imechomwa. Mingine, alisema, haikutoka kabisa.

“Muzee, ulinipa udongo ama ulinipa dawa ya kuua?”

Henriette alichukua mche mmoja, akaunusa mzizi, kisha akanisogezea puani.

Mama Annonciata alipoondoka nilichukua msumeno, nikachomoa ubao wa chini kabisa wa sanduku la tatu, nikaukata katikati. Haukuwa mwekundu. Ulikuwa mweusi kwa kina cha kidole, na harufu iliyotoka ilikuwa ya vidange, ile oili chafu inayomwagwa na magari. Hapa Goma hakuna asiyejua jambo hili: nyumba ya mbao hupakwa vidange ili mvua na mchwa visiile, na si aibu, nyumba ya mbao tuliyopanga tulipofika mjini ilipakwa hivyo. Lakini mbao zile hunywa oili kwa miaka. Ukizipiga randa utaondoa weusi wa juu tu, na lundo la mboji likishika joto litaivuta oili yote iliyobaki ndani. Mtu alikuwa amebomoa nyumba kuukuu na kunitengenezea masanduku kwa kuta zake.

Nilikwenda karakanani kwa Josias na kipande kile mkononi. Nasema kweli mbele ya Mungu kwamba sikwenda kumshitaki. Nilikwenda kumwuliza kama mafundi wake walimwibia.

Alikigeuza kipande mara mbili. Kisha akaniketisha.

“Nilijua siku hii itafika,” alisema. “Ndugu yangu, mbao za Prodige zilikuwa hivi hivi. Rangi nyekundu ya juu tu. Nilipoweka randa, nikaona. Niliona aibu kukuambia kwamba damu yako imekudanganya. Nikapaka chokaa, nikanyamaza.”

“Prodige?”

“Biashara, Kakule. Vijana wa sasa.”

Nilimshukuru. Naliandika neno hilo kwa makusudi: nilimshukuru kwa kuniheshimu. Nikarudi nyumbani, nikampigia Prodige simu, nikamwambia maneno ambayo baba yake asingeyaruhusu yasemwe katika nyumba yake. Nilimwita mwongo na mwuaji wa mbegu.

“Baba mudogo,” alisema, “mimi?” Nikakata simu.

Jumapili iliyofuata nilikaa mahali pangu, benchi la kwanza kushoto, Josias akiwa wa pili kutoka kwangu. Wakati wa mahubiri kifuko cha miwani kilianguka chini. Niliinama kukiokota, na ili nisianguke nikashika benchi kwa chini, mahali ambapo hapajapigwa randa kwa kuwa hapaonekani. Vidole vyangu vikaingia katika mfereji mdogo. Nilivipeleka polepole, kama kipofu. Mstari mmoja ulioegemea mwingine, kisha mmoja, kisha mwingine. Na pembeni, msalaba mdogo.

Nilipiga magoti sakafuni, watu wakadhani ninasali, nikachungulia. Saba ya Kirumi, kwa mkono wangu mwenyewe. Kando yake kumi na moja. Kando yake ishirini.

Misa ilipokwisha nilimshika Josias mkono akiwa anaelekea mlangoni.

“Rudi ndani.”

“Kuna nini? Mke wangu ananingoja.”

“Atangoja. Weka mkono hapa chini.”

Alijua kabla ya kuinama. Niliona shingo yake ikijua. Hata hivyo aliinama, mzee wa miaka sabini na sita, akaweka mkono.

“Soma,” nikamwambia. “Soma kwa sauti, kama kwa Frère.”

“Saba,” alisema.

Wanawake wa kwaya walikuwa wakikunja majoho yao karibu na sakristia. Josias aliketi juu ya benchi na kushusha sauti.

“Ungetaka nifanye nini? Libuyu ile, Kakule! Mbao za kutengenezea tabernakulo, wewe unataka kuzuilia maganda ya ndizi! Nilizipanga pale karakanani, nikaziangalia wiki nzima. Nilishindwa.”

“Ungeniambia.”

“Ungekataa.”

“Ndiyo. Ningekataa.”

“Unaona? Basi nilimpa Mungu kitu ambacho wewe ungewapa minyoo. Na wewe nikakupa mbao vilevile. Ulikosa nini?”

“Ulimpa Mungu mali yangu ukapokea shukrani wewe. Nami nikakupa mkono.”

Alipangusa benchi kwa kiganja, kana kwamba lina vumbi.

“Josias, umekuja uani kwangu miaka mingapi? Ukachota, ukanusa, ukasema ni chokoleti.”

“Ningesema nini?” Sasa alikuwa amekasirika, na hasira ilimtoa maneno ambayo nadhani yalikaa ndani yake muda mrefu. “Batu wote banakuchekaka! Mwalimu muzima, aliyefundisha Kifaransa, anasukuma takataka kwa uma. Mimi sikukucheka mbele yako. Nilikuonea huruma, ndiyo. Nilisema maneno mazuri. Hayo pia ni urafiki.”

Wizi wa mbao ningeweza kuuungama pamoja naye na kuumaliza. Hili la pili sikuweza. Nilikumbuka kila asubuhi aliyosimama pale na kiganja puani, na kila moja ikageuka mkononi mwangu kama ubao ule uliokatwa.

“Na Prodige?” niliuliza.

Aliangalia altare. “Prodige yuko mbali. Nilifikiri haitamuumiza sana.”

“Mabenchi yatabaki. Kilichotolewa kwa Mungu sikirudishi nyumbani. Lakini kesho saa tisa mchana utakuja kwangu, twende pamoja kwa Mama Annonciata, na utamwambia kwa kinywa chako ni nini kilichoua mbegu ya mama yake.”

“Nitakuja,” alisema.

Jumapili ileile nilimpigia Prodige. Nilimwomba msamaha kwa maneno kamili, bila kujitetea, nikamweleza nilichokikuta chini ya benchi. Akasema, “Baba mudogo, uliamini haraka.” Nikasema ndiyo. Akasema atanipigia siku nyingine. Bado nangoja.

Jumatatu nilivaa koti, nikaketi langoni tangu saa nane na nusu. Saa tisa ikapita. Saa kumi Henriette akaniletea chai, akaangalia barabara pamoja nami.

“Haji,” alisema.

“Ameahidi.”

“Kakule. Nenda peke yako kabla giza halijaingia.”

Nilimkuta Mama Annonciata akisuuza mashuka. Sikukubali kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mbao, vidange, mabenchi. “Hilo ni kosa la rafiki yangu,” nikasema. “Mawili yanayobaki ni yangu. Sikuujaribu udongo kama nilivyofundishwa. Na nilikuamuru upande mbegu zote, ulipotaka kubakiza. Nimeiua mbegu ya mama yako, na sina cha kukurudishia.”

Alikamua shuka lile hadi mwisho, akalitundika. Akapangusa mikono, akaingia chumbani, akatoka na fundo la kitenge.

“Muzee, unisamehe,” alisema. “Nilikudanganya.”

Alilifungua. Maharagwe tisa.

“Nilipanda makumi tano na ine. Hizi nilificha.”

“Nilikuambia zote.”

“Uliniambia. Nami nilisema sawa.” Alizifunga tena. “Kule Masisi nilikuwa na jirani. Tulikuwa tunalima pamoja, tunakula pamoja. Siku ya kukimbia nilimuachia mbuzi zangu sita anichungie. Njiani nikamuona anaziuzisha. Toka pale sijaachia mutu kitu yote. Hata wewe, muzee. Haiko juu yako.”

Kama ningelijua jambo hilo mwezi wa tisa, ningekasirika. Ningemwambia kwamba neno langu linatosha. Siku ile nilivua kofia, na nadhani nilisema asante.

“Nitaondoa mbao zote,” nilimwambia. “Nitaanza lundo jingine. Mwakani—”

“Hapana, muzee. Si ndani ya masanduku yako.”

Henriette ndiye aliyelimaliza shauri. Aling'oa vitunguu vyake vyote, hata vichanga, akalibeba lile sufuria kuukuu lenye mboji ya zamani na kuliweka juani karibu na mlango wa jikoni. Kwanza tulipanda maharagwe kumi ya sokoni tukangoja siku kumi. Yalitoka yote, ya kijani. Ndipo Mama Annonciata akaja na fundo lake, akayang'oa yale ya sokoni, na akapanda yale tisa kwa kidole chake mwenyewe. Mimi niliruhusiwa kuangalia.

Saba yametoka. Leo yana majani manne kila moja, na yameanza kutafuta kijiti cha kupanda. Nilipotaka kusogeza sufuria lisipigwe na mvua ya mawe, Henriette aliniambia kutoka jikoni, “Acha. Mwenyewe atakuja.” Nikaacha.

Wiki iliyopita chukudu mbili zilisimama langoni. Msukumaji alisema ni mbao ishirini na nne za libuyu, zimetumwa na Papa Josias, na hakuna salamu nyingine. Hazikupakwa chokaa, wala hazikuwa na alama zangu. Nilizishusha moja moja. Nilileta msumeno, nikakata ncha ya kila ubao, zote ishirini na nne, msukumaji akiniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, na kila ncha nikainusa.

Zilikuwa safi. Wekundu wake ulifika hadi ndani, na zilinuka mti tu.

Nikazipakia tena, nikamwambia azirudishe.

Sasa upande wa mbele wa masanduku yangu nimeujenga kwa mawe kama kuta nyingine. Siku ya kugeuza lundo hushusha jiwe baada ya jiwe, na nikimaliza huyapanga upya. Kazi iliyokuwa ya saa moja hunichukua asubuhi nzima. Jumapili nasikiliza misa nikiwa nimesimama nyuma, karibu na mlango, na wanaoniuliza huwaambia kwamba ni mgongo.